Umetozwa faini ya kuchelewa kwenye mkopo wa bidhaa? Hivi ndivyo unavyoipinga

Ujumbe ulinikuta nakazia vifungo vya sare za shule kwenye kibanda changu cha ushonaji, Majengo, hapa Moshi. Ulisema nadaiwa faini ya shilingi 30,000 kwenye akaunti ya friji niliyochukua kwa mkopo, na nisipolipa ndani ya siku tatu watakuja kuibeba. Nilikuwa nimelipa kila mwezi, na kila mwezi nililipa kabla ya tarehe. Nilikwenda dukani na hasira, nikarudi na hasira. Nilipoanza kwenda na karatasi, faini yote ikafutwa. Mwongozo huu unahusu ile karatasi: inaandikwaje, inapelekwa wapi, na ufanye nini wakikataa kuisikia.

Ni kwa yeyote aliyechukua kitu kwa kulipa kidogo kidogo: friji, televisheni, sofa, simu janja, sola, bodaboda. Kama uliyenaye ni kausha damu, yule mkopeshaji wa mtaani wa riba ya kunyonya, aliyeshika kadi yako ya benki na namba ya siri, shida yako ni kubwa kuliko faini. Anza moja kwa moja na sehemu ya milango ya nje, huko chini.

Kwanza amua: unapinga au unaomba?

Watu wengi wanaharibikiwa hapa. Kupinga ni kusema faini hii haikustahili kuwepo. Kuomba ni kusema ilistahili, ila mniondolee. Ukiandika "napinga faini hii, naomba mnisamehe kwa kuchelewa", umeshakiri, na atakayesoma hatafika kwenye mstari wa tatu.

Kama kweli ulichelewa, mtoto alilazwa au biashara ilikata, andika ombi. Eleza mara moja, taja miezi uliyolipa vizuri, sema lini utalipa kilichobaki, kisha omba wafute faini hiyo moja. Mkopeshaji mwenye akili anajua mteja aliyelipa miezi saba anafaa kubaki naye. Ombi halihitaji sheria wala vitisho, na usiyaweke.

Kupinga kunahitaji sababu, na sababu zenye nguvu ni tatu: hukuchelewa; mkataba hauna faini hiyo au kiasi hicho; au faini moja imezaa nyingine. Mimi nilikuwa na ya kwanza na ya tatu.

Tafuta mkataba, uusome kwa kidole

Usiuamini ulivyosimuliwa dukani siku ile ukiwa umeshaona friji inapakiwa kwenye kirikuu. Chukua karatasi uliyosaini. Kama huna nakala, nenda ukaidai. Ni mkataba wako kama ulivyo wao. Kama ulikubali masharti kwenye programu ya simu, yafungue na upige picha ya skrini kila ukurasa leo hii, maana masharti ya kwenye simu yanaweza kubadilishwa usiku ukiwa umelala.

Unatafuta haya: tarehe ya rejesho, kama kuna siku za nyongeza kabla faini haijaanza, faini ni kiasi gani, na inatozwa mara moja au kila siku, inakuwaje tarehe ikiangukia Jumapili au sikukuu, malipo yanahesabiwa siku unayotuma au siku yanayoingia kwao, na pesa yako ikifika, inakata nini kwanza. Hilo la mwisho mara nyingi limeandikwa kwa herufi ndogo, nalo ndilo lililonila mimi.

Kama faini haimo kabisa kwenye mkataba, kazi yako imekuwa nyepesi. Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, za mwaka 2019, zinataka taasisi iliyo chini yake ikuwekee wazi ada na tozo kabla hujasaini. Na hata faini iliyoandikwa haigeuki kuwa neno la Mungu: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inasema mkataba ukitaja adhabu, aliyevunjiwa mkataba anastahili fidia ya kiasi kinachofaa, isiyozidi kile kilichotajwa. Yaani kiasi kilichoandikwa ni dari. Faini ya shilingi 50,000 kwa rejesho la 40,000 lililochelewa siku mbili ni ya kubishaniwa hata kama uliisaini.

Weka taarifa mbili bega kwa bega

Moja ni taarifa ya akaunti kutoka kwa mkopeshaji. Iombe iliyochapishwa, inayoonyesha kila malipo yaliingia lini na yaligawanywa vipi. Usikubali kusomewa kwenye kompyuta huku skrini imegeuziwa upande wao.

Ya pili ni taarifa ya miamala yako. Kama unalipa kwa simu, ujumbe wa uthibitisho una namba ya muamala, tarehe na saa. Kama ulifuta jumbe zako, nenda duka la huduma la mtandao wako na kitambulisho, uombe taarifa ya miamala ya miezi unayoitaka. Kama unalipa benki, hati za kuweka fedha au taarifa ya benki. Kama unalipa taslimu dukani, risiti, na kuanzia sasa dai ile ya mashine ya kodi (EFD) kila mara.

Jambo dogo linalokosesha watu: ukinukuu saa ya muamala, iandike kama ilivyo kwenye ujumbe. Muamala wangu ulisomeka 8:16 PM. Sisi tunasema saa mbili usiku na dakika kumi na sita, lakini ukiandika "saa 2:16 usiku", karani ataingiza 2:16 kwenye kompyuta, aone hakuna kitu, akuambie hukulipa.

Sasa piga mstari kwenye daftari. Kushoto siku uliyolipa, kulia siku waliyoandika wao. Kila mahali tarehe mbili zinapoachana, zungushia duara. Mimi nilipata duara moja tu: nililipa tarehe 4 Machi, wao wameandika tarehe 7. Rejesho lilikuwa la tarehe 5.

Duara moja linavyozaa 30,000

Hapa naomba tuende polepole.

Rejesho langu ni 75,000 kwa mwezi, faini ni 7,500 kila rejesho linapochelewa au kupungua. Machi wakaniandikia nimechelewa: faini 7,500. Hakuna aliyeniambia. Aprili nikatuma 75,000 yangu kabla ya tarehe, roho nyeupe. Lakini mfumo wao unakata faini kwanza, ndipo unalipa rejesho. Ukachukua 7,500 ya faini, rejesho la Aprili likabaki na 67,500. Limepungua. Faini nyingine 7,500, na deni la nyuma sasa ni 15,000.

Mei nikatuma 75,000. Mfumo ukakata 15,000 ya nyuma, rejesho likapata 60,000, likapungua tena, faini tena: deni 22,500. Juni hivyo hivyo: 30,000. Miezi mitatu niliyolipa kamili na mapema imeandikwa mitatu ya ukorofi.

Fanya hesabu hiyo kwenye akaunti yako, mwezi kwa mwezi, kwa kalamu. Ukiona faini zinafuatana kila mwezi wakati wewe unalipa kiasi kile kile, karibu kila mara ni mnyororo wa namna hii. Faida yake ni kwamba huhitaji kubishana faini nne. Bishana ya kwanza. Ikianguka, rejesho la Aprili linakuwa kamili, na la Mei, na la Juni.

Jua kwa nini tarehe ziliachana

Ukiishia kusema "nililipa mapema" watakujibu "sisi tuliipata tarehe 7", na wote wawili mnasema kweli. Inabidi uonyeshe pesa ilikuwa wapi siku tatu hizo.

Kwangu ilikuwa namba ya kumbukumbu. Kadi niliyopewa dukani iliandikwa kwa mkono, na kijana aliyeiandika anaandika 1 yenye pembe juu, ukiitazama unaapa ni 7. Januari na Februari nililipa pale pale kaunta. Machi nikalipa kwa simu mara ya kwanza, nikaingiza namba ya kampuni sawasawa, halafu kumbukumbu nikaingiza 7. Pesa ikafika kwao, ila ikaelea bila mwenyewe. Tarehe 7 wakanipigia: "Mama, tumeiona pesa yako, tumeshaiweka sawa." Waliiweka sawa pesa, faini wakaiacha ilale kwenye akaunti yangu.

Hoja yangu basi ikawa hii: pesa ilikuwa mikononi mwenu tangu tarehe 4, na kosa la namba limetoka kwenye kadi yenu. Nilitoa nakala ya kadi ile, nikaizungushia kalamu nyekundu.

Kwako inaweza kuwa jingine. Ulilipa usiku wa kuamkia tarehe, mfumo wao ukahesabu siku ya pili: rudi kwenye mkataba uone unasema siku ya kutuma au ya kupokea. Mtandao ulikuwa chini na muamala ukakwama: mtandao wa simu ndio wenye rekodi, waombe wakupe kwa maandishi. Wakala wa benki aliipokea Ijumaa jioni, ikaingia Jumatatu: risiti yake ina saa.

Kuna sababu moja ngumu kuliko zote: ulimtumia afisa mikopo kwenye namba yake binafsi, yeye akaipeleka ofisini alipojisikia. Unaweza kuipinga bado, hasa kama yeye ndiye aliyekuagiza na una ujumbe wake wa kukuagiza hivyo. Lakini kampuni itasema haikumtuma. Acha leo. Hata akiwa mtoto wa jirani yako wa Kibosho, hela ya rejesho iende kwenye namba ya kampuni.

Andika barua

Kupiga simu kunatuliza moyo tu. Kinachohesabika ni maandishi. Iwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, bila historia ya ukoo. Yangu ilikuwa karibu hivi:

*Meneja wa Tawi,*
*(jina la kampuni),*
*Moshi.*

*15 Juni*

*YAH: PINGAMIZI LA FAINI ZA KUCHELEWA, AKAUNTI NAMBA …*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Tarehe 4 Machi, 8:16 PM, nililipa rejesho la Machi, shilingi 75,000, kwa simu namba …, namba ya muamala …. Rejesho hilo lilikuwa la tarehe 5 Machi. Taarifa yenu inaonyesha mliliingiza tarehe 7 Machi na kunitoza faini ya shilingi 7,500.*

*Namba ya kumbukumbu niliyotumia niliisoma kwenye kadi iliyoandikwa kwa mkono na tawi lenu (nakala imeambatishwa). Fedha zilikuwa kwenye akaunti ya kampuni tangu tarehe 4 Machi.*

*Kwa sababu ya faini hiyo, marejesho ya Aprili, Mei na Juni, niliyoyalipa kamili na kabla ya tarehe, yamehesabiwa pungufu na kutozwa faini nyingine tatu. Hesabu imeambatishwa.*

*Nataka faini zote nne, jumla shilingi 30,000, zifutwe. Nipewe taarifa mpya ya akaunti. Na kama mmetoa taarifa yoyote kwamba nilichelewa kulipa, isahihishwe. Nitaendelea kulipa marejesho yangu kama kawaida.*

*Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata nitapeleka malalamiko haya Benki Kuu ya Tanzania, Tawi la Arusha.*

Angalia kwamba hakuna "wezi" wala "mnanyanyasa wanyonge". Nilikuwa nayo yote kwenye rasimu ya kwanza. Binti yangu akayafuta.

Ipeleke kwa mkono

Chapisha nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine waigonge muhuri wa kupokelewa, tarehe na sahihi, urudi nayo nyumbani. Ukiambiwa muhuri uko kwa bosi na bosi yuko Arusha, omba aliyeipokea aandike jina, asaini na tarehe. Akikataa, itume pia kwa barua pepe ya kampuni, ukiambatisha picha. Unachotafuta ni ushahidi wa siku waliyoijua.

Kaunta utakutana na neno "mfumo". Mimi nilikutana nalo hivi:

"Mama, hii mfumo ndio umeandika, sisi hatuwezi kugusa."

"Sawa mwanangu. Tarehe 7 Machi nani aliuambia mfumo ile pesa ni yangu?"

Akanyamaza, akamwita msimamizi. Kama mtu aliweza kuhamisha malipo yangu kwa mkono, mtu anaweza pia kurekebisha tarehe kwa mkono. Msimamizi alichukua hesabu yangu, akaifuata kwa kidole hadi Juni, akasema nirudi Alhamisi. Alhamisi sikurudi na maneno mapya, nilirudi na nakala ile ile yenye muhuri.

Wanaweza kukupa nusu: "tukufutie mbili, ulipe mbili." Kama sababu yako ni mnyororo, usikubali. Ukilipa ya Machi umekubali ulichelewa, na zote zina haki ya kuwepo. Kama ulichokuwa unafanya ni kuomba, nusu ni zawadi, ichukue.

Usiache kulipa

Hata ukiwa na haki ya kutosha kujaza gunia, rejesho la mwezi huu lilipe kwa tarehe yake. Ukisusa, unawapa ucheleweshaji wa kweli wa kuegemeza ule wa uongo. Wasipokubali kupokea bila faini, au simu uliyokopa imeshajifunga na unaihitaji kwa kazi, unaweza kulipa na faini, lakini siku hiyo hiyo uwaandikie: nimelipa ili huduma irudi, pingamizi langu liko pale pale, nataka nirudishiwe. Bila ujumbe huo malipo yako yatasomwa kama kukubali.

Wakija kubeba kitu, usipigane nao mlangoni. Mwite mwenyekiti wa mtaa, waonyeshe barua yenye muhuri, waombe waonyeshe kifungu cha mkataba na barua ya kuwatuma, na uandike majina yao. Wengi wanaokuja kwa kelele hawapendi kuandikwa.

Milango ya nje

Siku 14 zikipita kimya, au wamekujibu ovyo, chagua mlango kulingana na aliyekukopesha. Mara nyingi duka si mkopeshaji. Duka limeuza, kampuni nyingine ndiyo iliyolipa na ndiyo inayokudai. Jina lake liko kwenye mkataba.

Kama ni benki au kampuni ya mikopo yenye leseni, mlango ni Benki Kuu. Tawi lake liko Arusha, na kwa sisi wa Moshi ni safari ya asubuhi na kurudi jioni. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, wakopeshaji wasiopokea amana wako daraja la pili, na wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yake. Itazame kabla hujapanda gari. Beba mkataba, taarifa zote mbili, barua yenye muhuri na jibu lao kama lipo. Ukienda bila kuwa umelalamika kwanza kwa mkopeshaji mwenyewe, tegemea kurudishwa kwake.

Kama jina halimo kwenye orodha, hilo lenyewe ndilo lalamiko, na zito kuliko faini. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, kwa hiyo si jambo geni kwao.

Kama duka lenyewe ndilo linalokopesha na lilikudanganya kuhusu bei au tozo, jaribu Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya 2003 na ulinzi wa mlaji. Kama ugomvi ni muamala uliopotea na mtandao wa simu hautaki kukupa majibu, ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, yenye ofisi ya kanda Arusha. Na kama wamewapigia watu walio kwenye simu yako, mchungaji, shemeji, mwalimu wa mtoto, kuwatangazia deni lako, peleka hilo kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya 2022. Hifadhi jumbe walizotumiwa. Shemeji asizifute kwa aibu.

Mahakama ipo, lakini kwa 30,000 mimi nisingekwenda. Nauli na siku za kazi zingeimaliza hela yenyewe. Kwa bodaboda iliyobebwa ikiwa imebaki marejesho mawili, hapo ningekwenda, na ningeanza kwa msaidizi wa kisheria wa karibu, ambaye hakutozi.

Wakikubali, usiondoke mikono mitupu

"Tumeshafuta mama" si kitu. Subiri taarifa mpya ya akaunti, uone faini zote ziko sifuri na marejesho ya nyuma yameandikwa kamili. Mimi walifuta nne, wakasahau kurekebisha tarehe ya Machi. Ningeondoka hivyo, Julai ningeanza upya. Kama ulikuwa umeshalipa faini, kubaliana kwa maandishi inarudishwa au inahamia kwenye rejesho lijalo, na rejesho hilo sasa ni kiasi gani.

Miezi miwili mitatu baadaye, ulizia pia taarifa yako ya mikopo kwa kampuni ya kumbukumbu za mikopo kama Creditinfo. Ucheleweshaji uliofutwa dukani unaweza kuwa bado umekaa huko, na utakuja kuusikia siku unaomba mkopo wa cherehani.

Kadi yangu ya friji waliichapisha upya kwa kompyuta. Ile ya zamani, yenye 1 inayofanana na 7, nimeibandika ndani ya mlango wa kibanda.